Njia ya Pili Hujengwa Mapema

Hotuba ya mkurugenzi wa kampuni ya huduma za kompyuta, iliyotolewa mjini Lubumbashi mbele ya wanafunzi, walimu na wahandisi

Wazee wetu, baba na mama mliofika, walimu, wahandisi wenzangu, na ninyi wanafunzi ambao wengine mmekosa viti na bado mmekubali kusimama,

Nashukuru kwa mwaliko huu. Nimeombwa niseme juu ya ustahimilivu, juu ya mambo ya dunia na juu ya kompyuta, na nitayasema yote matatu kwa pamoja, kwa kuwa katika kazi yetu sijawahi kuyaona yakitengana.

Jumatatu ya Januari 27, 2025, kampuni ya Marekani ya Nvidia, inayobuni chipu zinazotumika kufundishia akili mnemba, ilipoteza karibu dola bilioni 600 za thamani yake katika soko la hisa, hasara ambayo hadi siku hiyo hakuna kampuni iliyokuwa imewahi kuipata kwa siku moja. Wawekezaji walikuwa wametishwa na kampuni ya Kichina, DeepSeek, iliyotoa programu ya kushindana na zile za Marekani huku ikieleza kwamba imeifunza kwa gharama ndogo mno. Siku hiyo hiyo waasi wa M23 waliingia Goma. Benki zilifunga milango, ndege zikaacha kutua, na katika mji wa watu zaidi ya milioni moja noti zikawa kitu cha kutafutwa. Walio katika biashara ya kompyuta duniani walizungumza wiki nzima juu ya tukio la kwanza. Sisi hapa tulishinda tukipiga simu kwa ndugu na wenzetu wa kazi ili kujua nani yuko hai, na simu ilipopatikana, baada ya salamu na machozi, maswali yaliyofuata mara nyingi yalikuwa ya kikazi kabisa: hesabu za duka ziko wapi, orodha ya wagonjwa iko wapi, na ile kompyuta moja iliyobeba michango yote ya chama cha akiba iko mikononi mwa nani.

Neno linalonisumbua katika maswali hayo ni hilo "moja". Kompyuta moja, waya mmoja, mtu mmoja anayejua neno la siri.

Wageni wanaofika Kongo hutusifu kwa uvumilivu wetu, na sisi wenyewe tumeufanya kuwa fahari. Tuna hata sheria yake ya mtaani ambayo kila mtoto wa mjini anaijua, ile Artikle 15: jitafutie mwenyewe. Nimekulia ndani ya Artikle 15 na najua imelisha familia nyingi, yangu ikiwemo. Hata hivyo, nasema wazi kwamba mfumo wa kompyuta hauwezi kujengwa juu yake. Kujitafutia huanza baada ya maafa kutokea. Ustahimilivu ninaouzungumzia hulipwa kabla, kwa fedha taslimu, na pengine na mtu ambaye hatakuwepo siku utakapohitajika. Ni njia ya pili inayojengwa wakati ya kwanza bado inafanya kazi vizuri, wakati ambapo kila mhasibu makini anauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini tunaigharimia.

Mkoa huu ulilijua jambo hilo kabla kompyuta hazijafika. Shaba ya Katanga ilikuwa na njia fupi ya kwenda baharini, reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito, nchini Angola. Mwaka 1975 vita vya Angola viliifunga. Viwanda havikuzimika, kwa sababu zilikuwepo njia nyingine ambazo wazee walikuwa wamezijenga na kuzilalamikia kwa miaka mingi. Kulikuwa na Njia ya Kitaifa, ambapo shaba ilipanda treni hadi Ilebo, ikashushwa na kupakiwa kwenye majahazi kwa mto Kasai na mto Kongo hadi Kinshasa, kisha ikashushwa tena na kupandishwa treni ya Matadi. Kulikuwa na njia ya kusini kupitia Zambia na Rhodesia, na ile ya mashariki kuelekea Dar es Salaam. Zote zilikuwa ndefu na ghali, na kila mahali pa kushusha na kupakia palipoteza muda na mzigo. Wazee wa reli waliomo ukumbini wanaweza kuyaeleza hayo vizuri kuliko mimi. Reli ya Benguela ilizinduliwa upya hadi mpakani mwaka 2015, miaka 40 baadaye. Fikirini mkoa ambao ungekaa miaka 40 ukiisubiri.

Zaidi ya miaka 10 kabla reli hiyo haijafungwa, mhandisi wa Marekani aitwaye Paul Baran, wa taasisi ya RAND, alikuwa tayari amelipigia hesabu jambo hilo kwa upande wa mawasiliano. Swali lake lilitoka katika Vita Baridi: mtandao wa simu utabaki vipi hai baada ya bomu la nyuklia? Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1964 alipendekeza mtandao usio na kitovu, ambamo ujumbe unakatwa vipande vidogo na kila kipande kinatafuta njia yake kutoka kituo hadi kituo. Hesabu zake zilionyesha kwamba kituo hakihitaji kuunganishwa na vituo vyote. Kila kimoja kikiwa na viungo vitatu au vinne hivi, mtandao mzima unakaribia sana uimara wa juu kabisa unaowezekana. Naipenda sana sehemu hiyo ya kazi yake, kwa sababu inatuondolea kisingizio cha umaskini. Hakuna anayetudai njia mia. Tunadaiwa tatu au nne, zilizo tofauti kweli.

Kwenye huo utofauti ndipo wengi hudanganyika, na mto wetu wenyewe umetoa fundisho. Lualaba inaanzia hapa Katanga, inazungusha mitambo ya umeme ya Nzilo na Nseke karibu na Kolwezi, inapokea jina la Kongo kule Kisangani, na ikifika baharini karibu na Muanda haiishii hapo, kwa sababu chini ya bahari kuna korongo refu ambalo mto umelichimba na unaendelea kulichimba. Mwishoni mwa Desemba 2019 mto ulifurika kupita kawaida. Wiki chache baadaye, kati ya Januari 14 na 16, 2020, matope na mchanga uliokuwa umerundikana kwenye mdomo wa mto uliporomoka ndani ya korongo hilo na kusafiri zaidi ya kilomita 1,100 kwenye sakafu ya bahari, ukiongeza kasi kadiri ulivyokwenda. Mikongo miwili ya mawasiliano, SAT-3 na WACS, ilikuwa imelazwa kukatiza korongo hilo, na yote miwili ilikatika. Intaneti ilidhoofika kuanzia Nigeria hadi Afrika Kusini, na ikabidi meli ya matengenezo Léon Thévenin itoke Cape Town kwenda kuivua mikongo na kuiunganisha. Agosti 2023 korongo lile lile likaikata mikongo ile ile tena.

Waliolipia SAT-3 na WACS waliamini wana njia mbili. Kwenye karatasi walikuwa nazo. Machi 14, 2024, mbele ya pwani ya Abidjan, mikongo minne ilikatika kwa wakati mmoja, na benki za nchi kadhaa za Afrika Magharibi zikasimama. Wiki chache kabla ya hapo, katika Bahari ya Shamu, meli iliyopigwa na kombora la Wahuthi ilielea bila nahodha huku nanga yake ikiburuzwa chini, na mikongo mitatu ikakatika. Kombora lilirushwa kwa sababu ya vita vya Gaza, na aliyekosa huduma alikuwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki aliyetaka kupakia fomu ya chuo. Nikisema mambo ya dunia yamo ndani ya kompyuta zetu, nina maana hiyo hasa.

Mfano wa karibu zaidi uko kwenye barabara yetu ya Likasi. Nimewahi kusimama kando yake nikiwatazama mafundi wakiunganisha nyuzi zilizokatwa na tingatinga la matengenezo ya barabara. Bomba la plastiki la rangi ya machungwa lilikuwa limepasuka, na ndani yake waya za kampuni tatu zinazoshindana sokoni zilikuwa zimekatika kwa pigo moja la kijiko cha chuma. Fundi alikuwa amepiga magoti ndani ya hema dogo la kuzuia vumbi, akisafisha kila uzi wa kioo kwa pombe kabla ya kuuingiza kwenye mashine ya kuunganishia, na nje ya hema wawakilishi wa kampuni hizo tatu walikuwa wakimsubiri mtu mmoja. Mteja aliyekuwa na mikataba miwili ya intaneti alikuwa akilipa mara mbili kwa bomba moja. Ninawasihi wenye ofisi na biashara: kabla ya kutia saini mkataba wa pili, ombeni ramani. Ulizeni kama waya inatoka kwa Kasumbalesa kuelekea Zambia au inaelekea magharibi hadi Muanda, inapita upande gani wa barabara, na kwenye nguzo au bomba la nani. Muuzaji asiyeweza kujibu anawauzia jina tu.

Nataka sasa nikae kidogo kwenye kisa cha kampuni ya Maersk, kwa sababu kimesimuliwa sana Afrika na, kwa maoni yangu, kimesimuliwa vibaya. Juni 27, 2017, programu haribifu iliyokuja kujulikana kama NotPetya ilisambazwa kupitia masasisho ya programu ya uhasibu ya Ukraine iitwayo M.E.Doc. Ukraine ndiyo iliyolengwa, na mwaka uliofuata Marekani na Uingereza zilitamka kwamba jeshi la Urusi ndilo lililohusika. Maersk, kampuni ya Denmark ya kusafirisha makontena, haikuwa na ugomvi na yeyote, ila ofisi yake ya Odessa ilikuwa na programu hiyo. Ndani ya saa chache kompyuta zake zilizima dunia nzima, na malori yakapanga foleni mbele ya bandari ambazo hazikujua kontena lipi ni la nani.

Kampuni ilikuwa na seva takriban 150 zenye orodha ya watumiaji wote na ruhusa zao, na zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe. Mpango ulikuwa kwamba ikifa moja, nyingine zitaijaza. Hakuna aliyepanga kwa siku ambapo zote zitafutwa pamoja. Baada ya kutafuta kila mahali, ilipatikana moja tu iliyo nzima, katika ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko kabla ya shambulio na seva hiyo ikawa imezimika. Mtandao wa Ghana ulikuwa mwembamba mno kuweza kupeleka data hizo zote Uingereza kwa wakati, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya kuingia Uingereza. Ikabidi mmoja wao asafiri na diski hadi uwanja wa ndege wa Nigeria, akaikabidhi kwa mwenzake aliyeruhusiwa kuingia Uingereza, naye akaifikisha. Kwa muda wa siku 10 kampuni iliweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, na hasara yake ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Nimesikia kisa hicho kikisimuliwa kwa furaha, kana kwamba kukatika kwa umeme Ghana kulikuwa ushindi wetu Waafrika. Mimi nakisoma kwa huzuni na kwa umakini. Giza lile lilikuwa bahati, na bahati haiandikwi kwenye mkataba wa huduma. Nakala zinazonakiliana bila kukoma hunakili hata uharibifu, kwa hiyo lazima iwepo moja ambayo imechomolewa kwa makusudi, kwa ratiba, na mtu anayewajibika kwa jina. Kuna pia ile viza, ambayo wasimuliaji wengi huipita haraka. Kampuni yenye meli katika bahari zote ilikuwa na data yake ya mwisho mikononi mwa wafanyakazi ambao hawakuruhusiwa kupanda ndege kuipeleka Uingereza. Mnapopanga mfumo wenu, andikeni katika mpango huo nani ana pasipoti, nani anaweza kuvuka Kasumbalesa usiku, na nani anajua neno la siri ikiwa mwenzake hapatikani. Hayo ni sehemu ya mfumo sawa na seva yenyewe.

Ukraine yenyewe ilijifunza. Februari 2022, siku chache kabla ya majeshi ya Urusi kuingia, bunge lake lilibadili sheria iliyokuwa ikilazimisha data za serikali zihifadhiwe ndani ya nchi, na rejista muhimu zikaanza kuhamishiwa nje. Natamani watunga sheria wetu waliangalie hilo kwa makini, kwa sababu siku hizi kuna wimbo barani kote kwamba kila data ibaki nyumbani. Kubaki nyumbani ni haki ya taifa, nami naitetea. Lakini nchi ambayo miji yake imetekwa na watu wenye silaha haiwezi kuweka nakala zake zote za hati za ardhi na vyeti vya kuzaliwa ndani ya majengo ambayo adui anaweza kuyafikia kwa gari.

Niseme juu ya umeme, kwa kuwa bila huo ninyi wanafunzi mtaniuliza ninaishi nchi gani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Zaire, kama nchi hii ilivyoitwa, ilikamilisha laini ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, ndefu kuliko zote duniani kwa wakati wake, ili kulisha migodi. Laini hiyo hubeba mkondo mnyoofu, ambao hauwezi kuchotwa njiani bila kituo cha gharama kubwa cha kuubadilisha, na ndiyo maana inapita juu ya vijiji vingi ambavyo hadi leo vinawasha mishumaa na tochi. Karibu Mkongo mmoja tu kati ya watano ana umeme. Hapa Lubumbashi tunao, tukiwa na delestaji, yaani mgao wa umeme, na sehemu ya umeme wa Katanga hununuliwa kupitia Zambia, kiasi kwamba ukame uliposhusha maji ya Kariba mwaka 2024 nasi tuliguswa.

Mlangoni mwa chumba chetu cha seva kuna daftari lililofungwa kwa kamba, pamoja na kalamu. Kila zamu inaandika saa ya umeme kukatika, saa ya kurudi, kiwango cha betri, lita za mazuti zilizobaki na jina la aliyeandika. Daftari hilo limetufundisha kwamba vifaa vyetu haviharibiki umeme unapokatika, vinaharibika unaporudi, kwa sababu dakika za kwanza huja na nguvu ya kupanda na kushuka. Kwa hiyo umeme ukirudi hatuugusi kwa dakika 10. Mashine zinaendelea kula betri hadi tuone mshale wa kipimo umetulia. Kanuni hiyo haimo katika mwongozo wowote wa watengenezaji niliousoma, kwa kuwa waliouandika hawakuishi chini ya delestaji, na mafundi walioigundua kutoka kwenye kurasa za daftari walisoma hapa hapa mjini.

Jambo la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, nitalipita haraka, kwa kuwa wengi mnalijua. Julai 19, 2024, sasisho moja lenye kasoro la programu ya usalama liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Hakuna adui aliyeshambulia. Kampuni iliondoa sasisho hilo baada ya dakika 78, lakini kompyuta zilizokwisha kuanguka zilihitaji, nyingi kati yake, mtu wa kuziendea moja moja. Mashirika yaliyokuwa na mafundi wachache kuliko kompyuta zao yaliteseka zaidi, nami ninawauliza wakurugenzi wenzangu waliopunguza mafundi ili kulipia leseni kama wamelifikiria hilo.

Kuhusu madini nitachukua muda zaidi, kwa sababu hapa Lubumbashi hatuna ruhusa ya kuzungumzia kompyuta kana kwamba zinatoka hewani. Kila mmoja wenu ameuona mlima mweusi wa mabaki ya tanuru ulio pembeni ya bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Shaba ya kwanza iliyeyushwa mjini hapa mwaka 1911, na kwa miongo mingi takataka za tanuru zilimwagwa pale. Ndani yake mna elementi iitwayo germani. Watu wa mawasiliano tunaihitaji kwa sababu moyo wa uzi wa kioo, ule unaobeba intaneti, huchanganywa na oksidi ya germani ili mwanga usitoke nje ya uzi. China, mzalishaji mkubwa kuliko wote, ilianza kuidhibiti isitoke nchini mwake bila kibali kuanzia Agosti 1, 2023, ikijibu vikwazo ambavyo Marekani iliiwekea kuhusu chipu. Mwaka uliofuata, Oktoba 2024, kampuni tanzu ya Gécamines inayoshughulikia mlima huo ilitangaza shehena yake ya kwanza ya germani, iliyokwenda kwa Umicore, Ubelgiji. Ugomvi wa Washington na Beijing ulipandisha thamani ya takataka za babu zetu.

Kobalti ni hivyo hivyo, kwa kiwango kikubwa zaidi. Nchi hii inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, inayoingia kwenye betri za simu na kompyuta za mkononi. Bei ilipoanguka, serikali ilisimamisha mauzo ya nje Februari 2025, ikaongeza muda mwezi Juni, kisha kuanzia Oktoba 16 ikaweka viwango maalumu vya kuuza. Naunga mkono nchi kutumia nguvu iliyo nayo. Lakini mhandisi anayesikiliza habari hiyo kwa sikio la ustahimilivu lazima asikie pia upande wa pili: mteja anayeogopa kufungiwa hujenga njia yake ya pili. Viwanda vya China vinatengeneza kwa wingi betri za chuma na fosfati zisizohitaji kobalti hata kidogo, na magari mengi ya umeme tayari yanazitumia. Wanunuzi wetu wanatufanyia sisi kile ninachowaomba ninyi mfanye kwa kila mtoa huduma wenu. Katanga isiyo na kingine cha kuiuzia dunia ya kompyuta ila mawe ni mkoa wenye njia moja.

Kingine hicho kinaweza kuwa nini? Nitajibu kwa kuwapeleka soko la Kenya, hapa hapa mjini kwetu, kwenye kibanda cha mama mmoja anayetuma na kutoa pesa. Juu ya meza yake kuna simu tatu, kila moja ya mtandao wake, na chini ya meza kuna betri ya pikipiki ya kuzichajia. Kila muamala anauandika kwa mkono katika daftari la mistari: saa, kiasi kwa faranga au dola, tarakimu nne za mwisho za namba ya mteja, na saini ya mteja mwenyewe. Mtandao mmoja ukilala, anahamia mwingine. Yote ikilala, anawahudumia kwa daftari wale anaowafahamu, na jioni analinganisha. Desemba 31, 2018, intaneti ilipofungwa nchi nzima kwa karibu wiki tatu baada ya uchaguzi, kampuni zenye majengo marefu zilisimama, na watu wa daftari wakaendelea.

Nimemtaja kwa heshima, na nataka pia nimtendee haki. Simu zote tatu amezinunua kwa fedha zake. Makosa ya mtandao, muamala unapokwama katikati na mteja anadai pesa, anayalipa yeye kwanza, na kurudishiwa kunaweza kuchukua siku nyingi. Sisi tunaouza huduma tumemwachia aliye chini kabisa gharama ya ustahimilivu wetu, kisha tunamsifu kwa ujasiri wake. Hilo silikubali. Njia ya pili lazima ilipwe na mwenye mfumo, na ndiyo sababu kampuni yetu inaandika katika mikataba yake mipya kwamba muamala uliokwama kwa kosa letu tunaufidia siku hiyo hiyo, kabla ya uchunguzi kwisha.

Kutoka kwenye meza hiyo ndipo naona kazi ya kizazi chenu. Programu inayofanya kazi bila mtandao na kulinganisha hesabu mtandao unaporudi, bila kulipa mara mbili na bila kupoteza saini, ni tatizo gumu la sayansi ya kompyuta, na walio na mazingira bora zaidi duniani ya kulijaribu ni ninyi. Hospitali za Kivu zinaihitaji, na vyama vya akiba pia. Hata nchi tajiri zitaihitaji, kwa sababu zimeanza kuonja tuliyoyazoea sisi.

Yapo ya kufanya hata kabla ya hayo. Mji huu una kituo cha kubadilishana mawasiliano, LUBIX, kama Kinshasa ilivyo na KINIX na Goma ilivyo na GOMIX. Kazi yake ni kuhakikisha ujumbe unaotoka kampuni moja ya Lubumbashi kwenda nyingine ya Lubumbashi haupiti Johannesburg wala Ulaya. Kampuni ya intaneti inayouza huduma hapa na haijaunganisha mawasiliano yake pale inatutoza safari ya nje kwa barua ya jirani, na siku mkongo wa bahari utakapokatika hospitali ya Kamalondo haitaweza kuwasiliana na maabara ya Kampemba. Waulizeni watoa huduma wenu kama wameunganishwa. Waulizeni kwa maandishi.

Nakala za akiba zina kanuni ya zamani ambayo haijazeeka: nakala tatu, juu ya vifaa vya aina mbili, na moja iwe mbali na mji. Wengi hufika hapo na kusimama, wakati nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni dhana tu. Kwetu kila Ijumaa mchana fundi mmoja, anayeteuliwa kwa kura ili asijiandae, anapewa kompyuta tupu na diski ya akiba, na anatakiwa awe amefufua mfumo wa mteja mmoja kabla ya saa 11 jioni, bila kumpigia simu mkubwa wake. Akishindwa, hatumwadhibu. Tunaandika alipokwama, na mwongozo unarekebishwa Jumatatu, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, kwa lugha ambayo mtu wa zamu ya usiku anaisoma bila kusita.

Kuanzia mwezi ujao zoezi hilo litakuwa wazi kwa wanafunzi wa mwaka wa pili na kuendelea, wanne kila Ijumaa, wawili kati yao wakiwa wasichana, na nauli tutalipa sisi. Mtakaa na fundi kuanzia kompyuta ikiwa tupu, na mtasaini daftari la mlangoni kama watu wa zamu. Wanaotaka waandike majina yao kwa mwenzangu aliyeketi karibu na mlango wa kushoto kabla hawajaondoka. Na sasa nayasubiri maswali yenu, kwa kuanzia na hao waliosimama nyuma.